Sababu kumi za kulegeza mkanda Kituntu

Orodha hii imeandikwa na mkwe. Nalisema mapema ili msomaji ajue upendeleo unatoka wapi. Nimeoa Karagwe, na aliyeoa Karagwe hawezi kuisema vibaya ndizi ya huko halafu akategemea kulala ndani.

Kituntu ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Hakuna ufukwe. Hakuna lifti. Hakuna mtu atakayekufunga utepe mkononi ili ijulikane umelipia kifungua kinywa. Kuna vilima, kuna migomba, kuna kahawa katikati ya migomba na maharage chini ya kahawa, na kuna watu wanaokuuliza umekula kabla hawajakuuliza umetoka wapi. Kwa mtu aliyechoka na mwenye njaa, mahitaji yote mawili yameshatimia hapo. Ya ziada nimeyahesabu kurudi nyuma, kuanzia kumi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mnyambo asiyependa kuitwa Mhaya, ameyapitia na kupinga karibu kila namba.

10. Njia ya kufika

Zamani safari ya Karagwe ilikuwa ya vumbi, na abiria waliposhuka hakukuwa na haja ya kuulizana makabila: wote walikuwa wekundu. Siku hizi unatoka Bukoba hadi Kyaka, na Kyaka unashika kushoto. Usivuke daraja. Ukivuka Mto Kagera unaelekea Mutukula na Uganda, na hilo ni pumziko la makala nyingine. Kutoka Kyaka hadi Bugene ni lami, kilomita zisizofika 60.

Daraja lile lina yake ya kusimulia. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja, yakidhani yamemaliza kazi. Hayakuwa yamemaliza.

“Wangeonja ndizi za ng’ambo yetu,” anasema shemeji, “wangelijenga la pili.”

Ukishafika upande wa Karagwe ulizia Kituntu. Utaelekezwa kwa mkono ulionyooshwa na maneno “hapo tu”. Mkono wa Karagwe ukisema hapo tu, tafuta bodaboda.

9. Baridi

Sehemu kubwa ya Karagwe iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kulala akipepewa na feni atajikuta chini ya mablanketi mawili, amevaa soksi, anauliza kama kuna la tatu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti usiku wake hauna mzaha.

“Baridi si sababu ya mtu kuja,” shemeji anapinga.

“Si sababu kwako. Mimi nanunua umeme wa feni.”

8. Kukosa la kufanya

Hii haina maelezo. Ningekuwa na maelezo, ningekuwa nimefanya kitu.

7. Maji moto ya Mtagata

Hapa itakubidi uhame wilaya. Mtagata iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na maji yake yanatoka ardhini yakiwa yameshapashwa. Watu huja kuoga, wengi wakiwa na maradhi ya ngozi, ya viungo, au uchovu usio na jina. Mjini kuna wanaolipa fedha nyingi wachemshiwe maji, wawashiwe mshumaa na kuwekewa filimbi. Huku moto ni wa Mungu na filimbi ni ya ndege.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley, akitoka kumwamkia Mfalme Rumanyika wa Karagwe, alipita Mtagata na kukuta watu wamejilaza majini, wametulia zao.

“Kwa hiyo wazungu ndio waliigundua?”

“Wazungu waliifikia, shemeji. Waliogundua ndio wale waliokuwa wamelala ndani.”

Hapo kwa mara ya kwanza akaniongezea chai bila kuombwa.

6. Ziwa la jina la kuazima, na mgeni wa kwanza kuongeza siku

Bweranyange ndiko lilikokuwa makao ya ufalme wa Karagwe, na kutoka vilima vyake unaliona ziwa dogo linaloitwa Rweru Rwabishonga. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Rumanyika, wakaliangalia lile ziwa, likawakumbusha maji ya kwao Uingereza, wakaliandika Windermere Ndogo. Ramani zikafuata. Ziwa lenyewe halikupelekewa taarifa.

“Hawakuuliza linaitwaje?”

“Waliuliza chanzo cha Nile. Mtu mwenye swali kubwa huwa hana nafasi ya madogo.”

Speke alikuwa na haraka, kwa hiyo Januari 1862 akashika njia ya Buganda. Grant alikuwa na jeraha baya la mguu, asingeweza kutembea, akabaki chini ya uangalizi wa Rumanyika mpaka Aprili. Vitabu vya historia humhurumia. Mimi namwona ndiye mgeni wa kwanza kwenye kumbukumbu za Karagwe kuja kwa shughuli akaishia kupumzika, na kwa mwenyeji aliyejulikana kwa ukarimu. Sisemi mguu haukuuma. Nasema tu kwamba mimi nimewahi kuongeza siku kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Habari za maziwa nazo ni za mahali hapa. Katika nyumba ya kifalme unene wa mwanamke ulikuwa fahari, na njia ya kuufikia ilikuwa maziwa, kutwa kucha. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke anaeleza alivyomtembelea mke wa kaka mmoja mkubwa wa mfalme, na jinsi alivyoomba kumpima: mkono wa juu peke yake mzunguko wake ulikuwa kama sentimita 58. Fikiria. Mtu amekaribishwa kwa watu, kuna vibuyu vya maziwa mpaka ukutani, naye anatoa futi ya fundi cherehani. Ukijaribu hivyo leo Kituntu, utapimwa wewe, tena kwa fimbo.

Ng’ombe wenye pembe ndefu bado wapo na maziwa bado yapo. Agiza mtindi. Futi iache nyumbani.

5 na nusu. Hifadhi

Namba hii haikuwepo. Imewekwa kwa sababu kila anayesikia “utalii” anataka mnyama. Haya: mwaka 2019 serikali ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya upande huu. Rumanyika Orugundu likawa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, Ibanda likawa Ibanda-Kyerwa, na yale ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Burigi-Chato. Nenda, ukirudi utakuta chakula kimefunikwa.

“Nilipe niende kumwona nyani?” anauliza shemeji, ambaye amekulia shambani.

5. Benchi la mamalishe, Omurushaka na Kayanga

Omurushaka ni njia panda: barabara ya Kyaka inaingia hapo, nyingine inakwenda Kayanga, makao makuu ya wilaya, na nyingine inapanda kuelekea Nkwenda na Murongo, upande wa Kyerwa. Njia panda ina madereva, na madereva hawavumilii chakula kibaya, maana wana uwezo wa kuondoka.

Ingia mapema, uombe katogo. Ni ndizi zilizopikwa sufuria moja na utumbo au maini, mchuzi ukiwa mzito na nyanya zimeshayeyuka, na huliwa asubuhi na watu wenye kazi ya mikono. Wewe huna kazi ya mikono. Kula hivyo hivyo. Mchana utasomewa orodha kwa mdomo: ndizi nyama, ndizi maharage, ndizi kwa mchuzi wa karanga, ndizi samaki, na samaki mwenyewe akiwa sato au sangara aliyepanda mlima kutoka Ziwa Victoria. Utagundua kwamba kinachobadilika ni jina la pili tu.

Ukiuliza wali, upo. Utaletewa. Ila utaletewa na macho ya huruma, na mamalishe atamuuliza mwenzako kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, kama mgeni anaumwa.

Jioni barabarani kuna gonja, zile ndizi kubwa zinazochomwa juu ya mkaa mpaka ngozi ya nje ikaze na ndani pabaki laini. Nunua na karanga. Mishikaki ya mbuzi inakaa jirani, na kuchagua kati ya viwili hivyo ni kazi ya watu wasio na njaa.

4. Senene

Lazima uwe na bahati ya msimu. Wimbi kubwa ni la Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, na kuna jingine dogo wakati wa masika. Usiku unawashwa taa kali, mabati yanasimamishwa wima, chini yake mapipa: senene anaifuata taa, anapiga bati, anateleza, anaingia kwenye biashara.

Anayefika kutoka mikoa mingine huwa na maswali mengi. Majibu yake ni haya. Ndiyo, ni panzi. Ndiyo, mbawa na miguu hutolewa. Hapana, mafuta hayahitajiki sana, anayo yake ya kutosha, chumvi na kitunguu tu. Ndiyo, utarudia.

Zamani kukamata ilikuwa kazi ya wanawake, kwa mkono, alfajiri kwenye majani. Mke alimletea mumewe senene, na mume naye akapaswa kujibu kwa nguo mpya, gomesi ikiwezekana. Nilipomsimulia mke wangu habari hii nikidhani ni ya kitamaduni, aliisikiliza vizuri sana. Msimu uliofuata ukaletwa mfuko mezani, mdogo, na pembeni yake picha ya gomesi.

“Mimi ningeiweka hii namba mbili,” anasema shemeji.

“Wewe hukununua gomesi.”

3. Kahawa ya kutafuna

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba kahawa iko nje ya dirisha lako, matunda yamewiva mekundu, na asubuhi unaletewa chai ya maziwa. Usilalamike. Karagwe ni nchi ya robusta kwa wingi, na sehemu kubwa yake hulimwa iende, kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha ushirika cha KDCU, kwa watu wa mbali wenye mashine za kuvutia. Kuna ya kunywa pia: kiwanda cha Tanica, Bukoba, kinatengeneza ile ya unga ya kukoroga. Lakini kahawa ya heshima, ile ya kumpa mgeni, haikorogwi. Matunda huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha huwekwa kwenye kikapu kidogo na kuzungushwa sebuleni. Unachukua chache, unatafuna taratibu, na mazungumzo yanapata miguu.

Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizokumbatiana. Enzi za kuchanjiana damu, wanaume wawili walizipaka damu yao hizo punje, kila mmoja akameza ya mwenzake, na kuanzia hapo wakawa ndugu wa kufa na kuzikana. Shemeji amenitolea kikapu mara nyingi. Punje anaziacha kavu. Anasema undugu tulionao sasa unamgharimu vya kutosha.

Halafu kuna butura, na hapa mzaha unapungua. Mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya maua, na mnunuzi anakuja kuvuna kwa bei ya kahawa. Serikali inapiga marufuku kila mwaka. Ada za shule nazo zinakuja kila mwaka. Kwa hiyo mgeni anayenunua kahawa, ainunue iliyokauka, kwa chama au kwa mwenye mti, asijione mjanja akipunguziwa kupita kiasi.

Siku nilipomwomba shemeji anikopeshe nauli ya kurudi alinitazama hadi miguuni. “Unataka nikuuzie maua?”

2. Rubisi

Tuanze na onyo: usafiri wa kurudi upange kabla, na mwendeshaji awe mtu mwingine.

Rubisi ni pombe ya ndizi, na inatengenezwa kwa ndizi zake maalumu, zisizofaa sufuria. Zinaivishwa kwanza kwa joto. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi, ndiyo, mti uliochongwa katikati, ila huu hauendi ziwani, na wanaume wanazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Mara nyingi hapo ndipo wageni wa mjini hutazamana. Miguu imeoshwa, tulieni, Wafaransa nao walikanyaga zabibu karne kwa karne na mkawalipa. Ile juisi ya mwanzo ni tamu na haina kosa: mpe mtoto, mpe mchungaji. Kisha unaongezwa unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, na kila mtu anajifanya ana shughuli nyingine hadi kesho yake au keshokutwa.

Inanywewa kwa kibuyu na mrija. Kibuyu kikikufikia, piga funda, pitisha. Anayekishika sana husemwa, na anayekataa husemwa zaidi.

Kuna pia ile inayotokana na kuichemsha rubisi na kuukusanya mvuke wake. Shemeji alitaka iwe na namba yake. Nimemkumbusha kwamba magazeti husomwa hata na askari.

1. Ndizi na maharage, nyumbani kwa watu

Ndiyo. Baada ya mbwembwe zote, ni sufuria.

Wenyewe wanaita ebitoke, na chakula kizima kinaanzia kibanjani, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Migomba imepandwa mpaka karibu na mlango. Chini yake nyasi zilizokatwa mbugani zimetandazwa kuhifadhi unyevu, samadi ya ng’ombe imefukiwa, kahawa imesimama katikati, maharage yamejaza pengo. Mkungu unakatwa asubuhi, na saa sita upo mezani. Hoteli ya jiji inayojisifu kwamba viungo vyake ni vibichi ingeona aibu hapa, maana kati ya shamba na jiko kuna hatua chache tu, na kuku ameshasimama katikati.

Maharage yanatangulia, kwa sababu yana kiburi. Yakishalainika, ndizi zilizomenywa zinapangwa juu nzima nzima, chumvi, kitunguu, mafuta au samli kidogo, kisha majani ya mgomba yanafunika mpaka mvuke ukose pa kutokea. Moto wa kuni, wa wastani. Usikoroge. Mganda ataziponda ndizi zake, Mchaga atazivuruga mpaka ziwe mtori, na wote wawili ni ndugu zetu. Karagwe ndizi inabaki na umbo lake hadi mdomoni. Inatoka rangi ya manjano iliyokolea, laini, imekunywa supu ya maharage, na kila moja unaweza kuichukua kwa vidole viwili bila kuchanika. Zikimwagwa juu ya jani la mgomba, zikizungukwa na watu walionawa mikono, hakuna haja ya kuuliza nani anakaa wapi.

Ukimsikiliza mama mkwe utajua kwamba ndizi hazilingani. Kuna zile za asili alizorithi, kila moja ina jina na tabia yake. Kuna na FHIA, zilizozalishwa na watafiti wa Honduras na kuletwa Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990. Zina mikungu ya kutisha na zinavumilia magonjwa, na mama hazisemi vibaya. Anasema tu, “Hizo ni kubwa,” halafu ananyamaza, na ukimya wake ni hukumu tosha.

Ndizi zimepata misukosuko pia. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko umeingia Kagera, unakausha mgomba mzima kuanzia ua hadi shina, na wapo waliong’oa vibanja vyote wakaanza upya. Ndiyo maana ua la dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, na panga hupitishwa motoni kabla ya kuhamia mgomba wa pili. Mgeni mwenye hamu ya kusaidia asishike panga la mwenyeji. Asaidie kumenya, mikono yake ichafuke utomvu, achekwe, yaishe.

Sasa taratibu za mkwe. Ukila kidogo, umekidharau chakula. Ukila sana, watu watajiuliza binti yao anakupikia nini. Kiwango sahihi kipo mahali katikati, na bado sijakipata. Sahani yako ikianza kuonyesha jani, mama anaongeza akiwa anaangalia upande mwingine.

“Mama, nimeshiba.”

“Nimeona, mwanangu. Hii ni ya njiani.”

Na safari haipo mpaka kesho.

Shemeji anasema namba moja nimeipatia, lakini nimeisifu sufuria badala ya kumsifu mpishi. Nimemjibu kwamba mkwe haruhusiwi kumsifu mama mkwe hadharani zaidi ya aya tatu. Amehesabu. Amenyamaza.

Wasio na wakwe Karagwe, nyumba za wageni zipo Kayanga na Omurushaka, na mwenyeji hapatikani kwa shida ukiwa na salamu nzuri na kilo mbili za sukari. Wanaotaka njia ya kudumu, shemeji ana dada wengine wawili. Posa zipitie kwake, na ameniomba niongeze kwamba haitapokelewa ya mtu atakayeonekana Omurushaka akiulizia wali.